Hizi Nyumba Ndogo Ni za Nini?

Andiko la leo: Yoshua 22:10–34
Soma pia: Matendo 19:23–41, Kumbukumbu la Torati 6:6–7, Nehemia 3:12



Wapendwa, nikitaja nyumba ndogo katika kanisa hili, najua kuna ndugu atakayeanza kuangalia viatu vyake. Tulia, ndugu. Hiyo nyumba ndogo nyingine tutaifikia kabla hatujamaliza. Leo naanza na nyumba ndogo zenyewe, za mbao na nyasi, zile ambazo unaweza kuziweka mezani na bado ukabaki na nafasi ya kikombe cha chai.

Wengi wenu mnaijua familia ninayoizungumzia, kwa hiyo sina haja ya kutaja jina. Wameniruhusu kusema haya. Ni baba, mama na watoto watatu. Mvua ikinyesha wanapanda ndengu kama sisi sote hapa Kathonzweni. Mvua ikikatika, wanakaa chini ya mwembe wao na kutengeneza nyumba. Kuta ni vipande vya mwembe na mwarobaini vilivyobaki kwa seremala. Nyumba ya kizamani inaezekwa kwa nyasi halisi, na anayezikata ni kitinda mimba wao. Nyumba ya kisasa inaezekwa kwa bati la kopo. Binti yao analibana bati hilo katikati ya spoku mbili za baiskeli, mkunjo mmoja baada ya mwingine, mpaka linakuwa mabati kamili. Mama anasokota uzi wa mkonge wa kufungia fito. Wanatengeneza ghala la nafaka lililoinuliwa juu ya miti, duka la sokoni lenye baraza, na jiko la nje lenye moshi mweusi ukutani. Kuna wanunuzi wanaochukua nyumba moja, mwaka unaofuata wanarudi kuongeza nyingine, mpaka kabati la sebuleni limekuwa boma zima.

Mambo yalikuwa shwari mpaka dada mmoja anayeishi Nairobi alipoleta picha ya nyumba ya marehemu mama yake. Nyumba ile ilibomolewa shamba lilipogawanywa. Akaomba atengenezewe kama ilivyokuwa: mlango wa buluu, dirisha moja, kigoda nje. Wakaitengeneza. Alipoiona akalia, akaibeba kama mtoto mchanga, akaenda zake.

Habari zikafika sokoni. Wazee wawili wakaja kwangu jioni. Wa kwanza akasema, "Mchungaji, hiyo ni nyumba ya marehemu. Hicho ni kibanda cha aimu." Wa pili akasema, "Na fungu la kumi la pesa hizo lisiingie katika kapu la Bwana." Siku mbili baadaye baba wa familia naye akaja. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mchungaji, nichome vifaa vyangu? Karo ya mtoto wa kidato cha pili inatoka hapo."

Kwa hiyo leo kuna karo ya mtoto mezani, na kuna dhamiri za wazee mezani. Hatuwezi kujibu kwa kukisia. Tufungue Neno.

Kwanza: Hofu ya wazee si upuuzi

Vijana, msicheke. Wazee hawa wanajua walikotoka. Wakamba walikuwa na ithembo, mahali pa kutolea sadaka, mara nyingi chini ya mti mkubwa, na watu walikwenda pale kuomba mvua. Waliamini aimu wako karibu na nyumba, na kwamba wanataka chakula na kinywaji kimwagwe chini. Mwanateolojia John Mbiti, mzaliwa wa Mulango kule Kitui, aliandika juu ya mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1969, na marehemu ambao bado wanakumbukwa kwa majina aliwaita wafu walio hai. Ukivuka mpaka ukaenda kwa Wanyamwezi na Wasukuma wa Tanzania, huko watu walijenga hasa vibanda vidogo kwa ajili ya mizimu, na sadaka ikawekwa pale.

Kwa hiyo mzee aliyeokoka, aliyeiacha ithembo na kubatizwa mtoni, akiona kijumba cha nyasi chenye uhusiano na marehemu, moyo wake unashtuka. Na ushtuke. Mungu aliyekataza sanamu katika Kutoka 20 hajabadilisha mawazo. Mlinzi anayepiga kelele usiku usimtukane. Toka nje uangalie kuna nini.

Lakini kuangalia ndiyo kazi yenyewe. Mlinzi akipiga kelele, hatuanzi kurusha mishale gizani. Hapo ndipo andiko letu linapoingia.

Pili: Finehasi aliuliza kabla ya kupiga

Ndugu zangu, someni Yoshua 22 polepole mkifika nyumbani. Vita vya kuitwaa nchi vimekwisha. Wana wa Reubeni, wana wa Gadi na nusu ya kabila la Manase wanarudi kwao ng'ambo ya Yordani. Wakifika mtoni wanajenga madhabahu kubwa, inayoonekana kwa mbali. Habari zinafika kwa wenzao: jamani, wale wamejenga madhabahu nyingine! Israeli yote inakusanyika Shilo, mikuki mkononi, tayari kuwapiga ndugu zao wenyewe.

Sikiliza sasa. Kabla ya mkuki wa kwanza kurushwa, wanamtuma Finehasi mwana wa Eleazari, kuhani, pamoja na wakuu kumi, mmoja kwa kila kabila. Na Finehasi hakwenda kwa maneno laini! Aliwakumbusha dhambi ya Peori. Aliwakumbusha Akani, ambaye kosa lake halikumwangamiza peke yake. Lakini baada ya kusema, alinyamaza akasikiliza. Hapo wengi wetu tunashindwa. Kusema tunaweza. Kunyamaza tusikie jibu, hatuna muda.

Jibu lilikuwa nini? Wale ndugu wakamwita Mungu awe shahidi wao. Wakasema kwamba madhabahu ile haikujengwa kwa ajili ya sadaka hata moja. Ilikuwa ni mfano tu, nakala ya ile madhabahu ya kweli. Na sababu yao ilikuwa watoto! Waliogopa kwamba siku moja Yordani itakuwa ukuta, na watoto wa upande ule watawaambia watoto wa upande huu kwamba hawana fungu kwa Bwana. Siku hiyo ikifika, mtoto aweze kunyosha kidole na kusema, tazameni mfano huu, baba zetu waliutengeneza ili tusisahau sisi ni wa nani.

Finehasi akaridhika. Wakuu wakaridhika. Vita vikafa kabla havijazaliwa, na madhabahu ile ikapewa jina la ushahidi. Mwambie jirani yako: uliza kwanza!

Nawashukuru wale wazee wawili kwa sababu walifanya kama Finehasi. Hawakwenda kuvunja kitu usiku. Walikuja wakasema. Mimi nami nikaenda chini ya ule mwembe, nikauliza maswali mawili ambayo ninayapata katika andiko hili. La kwanza: kuna sadaka hapa? Kuna chakula kinachowekwa katika nyumba hizi, kuna kinywaji kinachomwagwa, kuna mtu anayezungumza na marehemu? La pili: mtoto akiuliza hizi nyumba ndogo ni za nini, anaambiwa nini?

Sadaka hakuna. Na swali la pili sikumuuliza baba. Nilimuuliza yule kitinda mimba. Akanionyesha nyumba ya nyasi iliyokuwa haijakauka gundi, akasema, "Hii ni ya susu wa baba. Waliishi watu saba humu, na usiku waliomba." Wapendwa, mtoto wa miaka minane, ambaye hajawahi kulala katika nyumba ya nyasi, anajua kwamba katika nyumba ya nyasi watu waliomba. Huo ni ushahidi. Na yule dada wa Nairobi naye nilimpigia simu. Akaniambia ile nyumba iko juu ya kabati, na watoto wake wakiuliza, anawaeleza jinsi mwaitu alivyowasomesha kwa kusuka vyondo. Mwaitu amepumzika, hakuna anayemwita. Anayesifiwa ni Mungu aliyempa mikono.

Tatu: Jihadhari na Demetrio

Lakini msikimbie kushangilia. Kuna nyumba ndogo nyingine katika Biblia, na hiyo ilileta fujo. Matendo 19. Demetrio wa Efeso, mfua fedha, alitengeneza vihekalu vidogo vya fedha, mfano wa hekalu la Artemi, na mafundi wake walipata faida nzuri. Paulo akahubiri kwamba vitu vilivyotengenezwa kwa mikono si miungu. Demetrio akakusanya mafundi. Na jambo la kwanza alilotaja lilikuwa utajiri wao! Artemi alikuja baadaye. Mji mzima ukaingia katika ukumbi wa michezo, watu wakapiga kelele kwa muda wa saa mbili, na wengi wao hawakujua hata wamekusanyikia nini.

Kosa la Demetrio halikuwa fedha. Bezaleli naye alifua fedha, na Mungu ndiye aliyemjaza Roho kwa kazi hiyo. Kosa halikuwa udogo wa kitu wala kukiuza. Kosa lilikuwa kwamba alitengeneza kitu ili watu wakiinamie, na ukweli ulipofika mlangoni, akaupima kwa faida akaona ni ghali.

Hili linatuhusu sisi watu wa Ukambani. Kuchonga kumetulisha. Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona kazi ya wachongaji wa huko, akarudi nyumbani na ujuzi. Kutoka kwake kazi ikaenda kwa jamaa na majirani, mpaka Wakamba wakajaa Changamwe kule Mombasa wakiwa na chama chao cha ushirika. Watoto wangapi wa Ukambani wamesomeshwa na twiga wa mbao? Wengi! Na twiga hakuabudiwa na mtu.

Lakini ninyi mafundi mnajua, na mimi najua, kwamba kuna anayechukua mti mweupe, akaupaka rangi nyeusi ya viatu, akamwambia mgeni ni mpingo. Fundi huyo hajachonga sanamu, lakini faida imeshakuwa mungu wake. Siku hizi mpingo na muhugu vimekuwa adimu kwa sababu tulikata bila kupanda, na mafundi wengi wamegeukia mwarobaini na mwembe. Basi sema ni mwembe! Mwembe una aibu gani? Mungu ndiye aliyeuumba. Uza mwembe kwa jina la mwembe, na fungu lako la kumi litanukia vizuri.

Nne: Na ile nyumba ndogo nyingine

Wengine wanasema, mtu mzima mwenye ndevu anakaa chini na kopo na gundi, huo si mchezo wa watoto? Soma Ezekieli 4. Mungu alimwambia nabii wake achukue tofali, achore Yerusalemu juu yake, aizungushie kambi na boma, kama mtoto anayecheza mchangani. Mji mzima juu ya tofali moja! Mungu haoni haya kufundisha kwa kitu kidogo.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Huyu baba wa chini ya mwembe aliishi mbali miaka kumi na moja. Alituma pesa kila mwezi, sitamnyima haki yake. Alipokuwa huko, kama wanaume wengi, alikuwa na nyumba ndogo. Ndiyo, ile. Ameungama mbele za Mungu na mbele ya mkewe, na amesema niwaambie kwa sababu kuna kaka hapa anaishi hivyo wiki hii. Kazi ilipoisha akarudi na begi moja. Mtoto wake mdogo akakimbilia jikoni akamwambia mama, "Kuna mgeni."

Mgeni! Katika nyumba aliyoijenga kwa pesa zake.

Wanaume, M-Pesa inafika katika simu ya mama. Haifiki katika kumbukumbu ya mtoto. Karo italipwa, na bado mtoto asijue mkono wako ukoje. Kumbukumbu la Torati 6 inasema maneno ya Mungu tuwafundishe watoto tukiwa tumekaa nyumbani na tukiwa tunatembea njiani. Utafundisha vipi ukiwa umekaa, kama hukai?

Yule baba hakujua pa kuanzia. Hakuwa na la kumwambia mtoto, na mtoto hakuwa na la kumwambia. Akachukua kisu na kipande cha mwembe, akaanza kuchonga mlango mdogo. Mtoto akasogea. Akaambiwa, shika hapa. Akashika. Hivyo tu. Nyumba ya kwanza ilikuwa imepinda. Bado wanayo, na hawaiuzi.

Mkono ukiwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Siku moja, gundi ikiwa inakauka, binti yao akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye spoku zake, kwamba kuna mtu mzima mwenye pikipiki anayemsimamisha njiani akitoka shule, na anamwahidi simu. Neno hilo lisingesemwa kwa simu mwisho wa mwezi. Lisingesemwa mbele ya mgeni. Lilisemwa kwa baba aliyekuwa amekaa karibu, kimya, akipiga msasa. Kesho yake baba alimpeleka binti shuleni kwa miguu, kisha akaenda kwa chifu. Leo binti huyo bado yuko darasani. Mnaona kilichokuwa hatarini? Mlidhani tunazungumza juu ya vijumba vya kuuza.

Tano: Neno kwa familia yenyewe

Kwa familia hii, na wengine mtakaoiga, nina maneno machache. Siku oda zitakapokuwa nyingi na mtoto akakosa shule ili amalize paa, nyumba hiyo imegeuka kuwa Misri na ninyi mmekuwa wasimamizi wa Farao. Siku Jumapili itakapokuwa siku ya kupaka rangi, nitakuja tena chini ya mwembe, na sitakuja kunywa uji. Na wewe baba, mtoto akipindisha ukuta usimfokee mbele ya mnunuzi. Waefeso 6:4 inatuonya tusiwachokoze watoto wetu. Ukuta unaweza kunyooshwa kwa msasa. Moyo wa mtoto hauna msasa.

Na anayesema binti hafai kushika msumeno, asome Nehemia 3:12. Shalumu mwana wa Haloheshi alijenga sehemu ya ukuta wa Yerusalemu, yeye pamoja na binti zake. Wamo katika Biblia mpaka leo.

Jibu

Kwa hiyo jibu langu, baada ya kuomba na kukaa na wazee wa kanisa, ni hili. Ndugu, usichome vifaa vyako. Endelea. Fungu lako la kumi lilete, kapu liko wazi. Nyumba za marehemu ukiombwa, muulize mwombaji kama Finehasi: ni ya nini? Akisema ni ya kukumbuka na kuwaeleza watoto, tengeneza. Akisema ni ya kumtuliza marehemu, mrudishie pesa zake na umwambie habari za Yesu, ambaye damu yake ilimwagika mara moja na hahitaji kibanda. Wale wazee wawili wamesikia jibu hili na wamekubali. Mmoja wao ameomba atengenezewe kanisa letu la kwanza, lile la udongo.

Na ninyi nyote, shule zimefungwa. Wiki hii kila baba aliye nyumbani akae na mtoto atengeneze kitu kimoja: kijumba, gari la waya, kigoda, chochote. Aliye mbali, omba ruhusa uje, hata siku mbili. Mama unayelea peke yako, na wewe susu unayelea wajukuu, hamjasahauliwa. Timotheo alipokea imani kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Na kaka mwenye nyumba ndogo ya dhambi, mlango wa kutoka uko wazi leo. Usisubiri mtoto wako akuite mgeni.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyeitwa seremala, ulijifunza kazi ya mikono kabla mikono hiyo haijapigwa misumari kwa ajili yetu. Turudishe nyumbani. Tupe vinywa vya kuuliza kabla ya kuhukumu. Linda binti zetu njiani. Watoto wetu wakiuliza sisi ni wa nani, wapate jibu, na jibu liwe wewe. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni jambo gani tumelihukumu katika mtaa wetu bila kuuliza kwanza?
2. Katika kazi yako, "rangi ya viatu" ni nini?
3. Mtoto wako angekuambia siri yake wapi na saa ngapi? Kama huna jibu, mtaanza lini?